Usitupe kompyuta nzima kwa sababu ya Windows
Na Barasa Ekisa
FUNDI WA MPAKANI

Oktoba 14, 2025, Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Tangu hapo wenye saiba, mawakala wa forodha na walimu wa huku kwetu, kuanzia mjini Busia hadi Kocholia na Malaba, wananiuliza swali moja: je, ninunue mashine nyingine? Jibu langu kwa wengi wao ni hapana.

Ninaelewa hofu yao. Windows 11 inadai kompyuta yenye kifaa cha usalama kiitwacho TPM 2.0, na kwa mashine za Intel inataka prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. Kompyuta nyingi zinazofanya kazi hapa mpakani ni za ex-UK, yaani zilizotumika Uingereza kwanza, na zilitengenezwa kabla ya kizazi hicho. Skrini ni nzima, kibodi ni nzima, diski inasoma vizuri, ila mfumo mpya hauzitambui.

Basi watu wamegawanyika makundi mawili. Wapo wanaoendelea na Windows 10 isiyopata tena masahihisho ya usalama, na wapo wanaowekewa Windows ya wizi kutoka kwa flashi ya mtu wasiyemjua. Njia zote mbili ni za hatari. Mei 2017, kirusi cha WannaCry kilifunga mafaili ya kompyuta katika nchi takriban 150 na kudai fidia. Microsoft ilikuwa imetoa sahihisho la kasoro hiyo tangu Machi mwaka huo huo. Walioumia ni wale ambao hawakuliweka, pamoja na waliotumia mifumo ya zamani iliyokuwa imeachwa. Kwa wakala wa Malaba, hasara ya namna hiyo haiishii ofisini. Hati zisipoingizwa kwenye mfumo wa forodha lori halisongi, na dereva analala barabarani ilhali kituo cha pamoja cha mpakani kilijengwa ili asilale.

Dawa ipo na ni ya bure. Weka Linux iwe mfumo endeshi wa kompyuta yenyewe. Ikiwa kuna programu isiyokubali ila Windows, ifungie ndani ya mashine pepe, yaani kompyuta inayoendeshwa na programu ndani ya kompyuta nyingine, ikiwa na diski na kumbukumbu yake. Si jambo geni, kwani IBM ilikuwa ikitoa teknolojia hiyo kwa mitambo yake mikubwa tangu 1972. Kilichobadilika ni kwamba leo kipakatalishi cha kawaida kinaiweza.

Chukua ofisi moja ya uwakala niliyoihudumia Malaba. Kazi yao ya forodha hufanyika kwenye kivinjari, kwa hiyo Linux inatosha. Kikwazo kilikuwa programu ya zamani ya uhasibu na printa ya risiti, ambazo zote zinataka Windows. Kompyuta ilikuwa na RAM ya GB 8. Kwanza niliingia kwenye BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta, kuwasha VT-x, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashine pepe, kwa sababu mashine nyingi za ex-UK huja ikiwa imezimwa, na mashine pepe haiendi vizuri bila hiyo. Kisha nikaweka Linux Mint, na juu yake VirtualBox, programu ya kuundia mashine pepe. Mashine pepe nikaigawia GB 3 za RAM, nikaiwekea Windows waliyoinunulia leseni na kuikabidhi ile printa kupitia USB. Mwisho nikaikatia mtandao kabisa, maana uhasibu wao hauhitaji intaneti.

Kabla sijaondoka nilihifadhi hali ya mashine hiyo ikiwa safi. Baadaye flashi ya mteja ilipoleta virusi, karani aliirudisha kwenye hali ile iliyohifadhiwa na kuendelea kuandika risiti. Hesabu zao hazikupotea kwa sababu hazikai ndani ya mashine pepe. Zinakaa kwenye folda ya nje, na kila jioni hunakiliwa kwenye diski ambayo huchomolewa na kuwekwa kabatini. Bila nakala hiyo ya jioni, usalama wote niliousimulia hapa ni nusu.

Yapo masharti mengine. Kompyuta yenye RAM ya GB 4 ipe Linux peke yake, usiibebeshe mashine pepe. Stima ikikatika ghafla inaweza kuharibu faili la mashine pepe, kwa hiyo hakikisha una betri nzima au UPS. Na leseni ya Windows inahitajika hata ndani ya mashine pepe.

Najua watakaosema kwamba Linux ni ya maprofesa. Waende kwenye vituo vya afya. KenyaEMR, mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa ulioanza kutumika mwaka wa 2012 na kufika katika vituo zaidi ya 300, huendeshwa kwa seva za Ubuntu, ambayo ni aina ya Linux. Umejengwa juu ya OpenMRS, programu huria ambayo mizizi yake iko Eldoret, na ng'ambo ya mpaka Uganda nayo imejenga UgandaEMR juu ya msingi huo huo. Wauguzi na makarani wetu wanautegemea kila siku. Anayeuweza uuguzi na Linux kwa pamoja hawezi kushindwa na saiba.

Kwa serikali ya kaunti na wakuu wa vyuo vya ufundi, ombi langu ni moja: wanafunzi wa kompyuta wasipewe cheti kabla hawajaweka Linux, kuunda mashine pepe, kuiharibu na kuirejesha kwa mikono yao wenyewe. Kompyuta moja yenye RAM ya kutosha humpa mwanafunzi seva na mashine mbili za kujifunzia mtandao, bila chuo kununua kifaa kingine.

Nawe msomaji, kabla hujatoa pesa ya mashine mpya, mwambie fundi wako aiwashe Linux kutoka kwa flashi bila kugusa diski yako. Jaribu kuchapisha, fungua kivinjari, ingia kwenye mfumo unaoutumia kazini. Ukiona kazi inaenda, pesa yako irudishe mfukoni.