Gemu Mpya, Bando la Nani?
Siku hizi kampuni za gemu zinakuuzia unga, maji ya kusongea ugali utaletewa baadaye. Mwenye banda la gemu hapa Tunduma anaujua mchezo huo vizuri: anaweka toleo jipya la mpira, vijana wa mtaa wa Sogea wameshabanana kwenye benchi, na kabla mteja wa kwanza hajashika padi, mashine inataka kushusha masahihisho ya gigabaiti kibao. Bando ni lake, umeme ni wake, makosa ni ya watu wengine kabisa. Nani kasahau Septemba 30, 2021? Konami, waliotulea na gemu ya mpira ya PES, walitoa eFootball 2022 ikiwa na nyuso zilizopinda hata Messi humtambui. Kesho yake wakaomba radhi, lakini toleo kamili, la 1.0, likaja Aprili 2022. Hiyo angalau ilikuwa ya bure. Gemu ya Cyberpunk 2077, ya Desemba 2020, watu waliilipia, ikawa inaganda kwenye PS4 mpaka Sony, wenye PS4, wakaiondoa kwenye duka lao la mtandaoni na kurudisha fedha. Vizuri, ila fedha hizo humrudia aliyenunua kwenye duka lao. Dogo aliyelipa sarafu zake bandani, mechi ikakwama dakika ya 80 yeye akiongoza, anadaiana na mwenye banda, naye hana pa kudai. Halafu tunashangaa kwa nini mwenye banda anang'ang'ania PES ya zamani, ambayo haijui hata intaneti ni nini.