Arantxa Sánchez Vicario: mataji manne makubwa na deni la kodi

Tenisi hatuitangazi mara kwa mara hapa redioni. Habari ya Mhispania huyu tumeona tuieleze kwa sababu kiini chake ni dhamana, na dhamana wengi wenu mnaijua.

Mwaka 1989, akiwa na miaka 17, msichana huyo wa Barcelona alimshinda Steffi Graf wa Ujerumani katika fainali ya mashindano ya wazi ya Ufaransa. Graf alikuwa namba moja duniani na alikuwa ametwaa mataji makubwa matano mfululizo. Katika seti ya tatu Graf aliongoza 5-3, Arantxa akaimaliza kwa 7-5. Hakuwa mrefu wala mpigaji wa mipira ya kutisha. Alikimbia tu, kila mpira anaurudisha, mpaka wakamwita nyuki wa Barcelona. Alishinda tena Ufaransa mwaka 1994 na 1998, Marekani mwaka 1994, na mwaka 1995 akawa namba moja. Zawadi zake za uwanjani zilikaribia dola milioni 17.

Sasa fedha hizo. Tangu 1989 hadi 1993 alijiandikisha kuwa mkazi wa Andorra, nchi ndogo ya milimani kati ya Hispania na Ufaransa ambako wakati huo hakukuwa na kodi ya mapato. Serikali ya Hispania ikasema hapana, wewe unaishi kwetu. Kesi ilivutana miaka mingi. Ili kodi isidaiwe papo hapo, benki moja ya Luxembourg ilimdhamini. Mwaka 2009 Mahakama Kuu ya Hispania ikamaliza ubishi: alipe. Benki ikalipa kwa niaba yake, kisha ikamgeukia, kama mdhamini yeyote wa mkopo anavyomgeukia mkopaji. Haikurudishiwa deni lote.

Januari 2024 mahakama ya Barcelona ilimtia hatiani, pamoja na aliyekuwa mumewe, kwa kuficha mali ili benki isiikamate. Arantxa alikiri. Alieleza kwamba alimwamini mume aliyeshughulikia mambo ya fedha. Awali, katika kitabu chake cha mwaka 2012, aliwalaumu wazazi kwa jinsi walivyosimamia mapato yake, na familia ikakanusha.

Sisi tunakubali nusu. Binti wa miaka 17 hawezi kusimamia mamilioni peke yake, na walio karibu naye walipaswa kumweleza Andorra maana yake nini. Lakini benki ilipokuja kudai, alikuwa mtu mzima wa karibu miaka 40, na deni lilikuwa kwa jina lake.

Alihukumiwa miaka miwili. Nchini Hispania kifungo kisichozidi hapo, kwa asiye na kosa la awali, huweza kuahirishwa, kwa hiyo hakuingia gerezani. Mume wa zamani alipewa zaidi ya miaka mitatu. Mahakama iliamuru pia benki ilipwe fidia ya takriban euro milioni 6.6.