Samaki Hadanganyi Umri

  Wikiendi kwangu mimi ilikuwa kasheshe, tena ya mezani.

Jumamosi mchana nilijisogeza kwa mama ntilie wangu, nikaagiza wali na changu wa kukaanga. Siku hiyo changu walikuwa vidogo, hata kiganja hawajazi, akaniwekea watatu kwenye sahani. Niko kwenye kichwa cha wa pili (msinicheke, utamu wa samaki uko kichwani), mara nikauma kitu kigumu. Ka! Nikapaza sauti: "Mama, mbona wali una mawe?"

Mshikaji wangu aliyesomea mambo ya samaki, tuliyekuwa tumekaa naye, akacheka mpaka akapaliwa. "Hilo si jiwe la mchele," akasema. "Hicho ni cheti cha kuzaliwa."

Basi bwana, somo likaanza palepale. Kumbe changu na wenzake wana vijiwe vya masikioni, jozi tatu, vimejificha ndani ya kichwa karibu na ubongo. Vinamsaidia kusikia na kujua kama yuko wima au kapinduka. Vimeumbwa kwa chokaa na protini kidogo, na samaki anavyokua vinaongezeka tabaka juu ya tabaka, kama kitunguu. Ukikisugua kijiwe mpaka kiwe chembamba, ukakiweka chini ya hadubini, mistari hiyo hapo. Na kwa samaki mchanga, mstari mmoja ni siku moja!

"Wacha kunipiga changa la macho," nikamwambia.

Akasema wataalamu wa Ulaya walikuwa wanahesabu mistari ya miaka tangu karne ya 19, maana kule baridi ikiingia samaki anapunguza kukua. Kwetu bahari ina joto mwaka mzima, mistari ya miaka inasumbua kuisoma. Mwaka 1971 mtaalamu mmoja, Giorgio Pannella, akaandika kwamba kati ya mstari wa mwaka mmoja na mwingine amekuta vimistari kama 360. Hapo ndipo watu waliposhtuka: hizi ni siku!

Na hawakuamini hivihivi. Samaki wadogo waliogeshwa kwenye maji yenye tetrasaiklini, dawa hiyohiyo tunayopaka machoni. Ikaacha alama inayong'aa kwenye kijiwe. Wakakaa siku zinazojulikana, kisha mistari ya baada ya alama ikahesabiwa. Hesabu ikakubali.

Utamu wenyewe ni huu. Siku samaki aliyokula akashiba, mstari unakuwa mpana. Siku za njaa, mwembamba. Mfupa wa kawaida mwili ukibanwa unaweza kuukopa chokaa, lakini kijiwe hiki haukigusi. Kilichoandikwa kimeandikwa. Ndiyo maana wataalamu wakihesabu kurudi nyuma wanajua kitoto kiliangua lini, na kilielea baharini wiki ngapi kabla ya kuhamia kwenye matumbawe. Tena mara nyingi waliofanikiwa kukua wanakutwa na mistari mipana ya utotoni. Waliodumaa waliliwa mapema.

Nikawaza sisi binadamu. Namjua dada mmoja ana miaka 25, huu mwaka wa nne. Mwenyewe nimewahi kujipunguzia miwili mbele ya mtoto wa watu. Samaki hana ujanja huo.

Nikamuuliza mshikaji: "Sasa huyu wangu ana siku ngapi?"

"Bila hadubini sijui," akajibu. "Ila mstari wa mwisho, ule wa pembeni kabisa, ni wa siku aliyonaswa."

Nikaitazama sahani. Vichanga watatu, na kwa udogo ule sidhani kama kuna hata mmoja aliyewahi kutaga. Tunawalaumu wavuvi kwa nyavu za macho madogo, lakini anayenunua nani? Si mimi na wewe hapo kwa mama ntilie?

Nisikudanganye, niliwamaliza. Hela yangu ilishatoka. Lakini Jumamosi ijayo mimi na mshikaji tunachanga, tunanunua mmoja mkubwa, tunagawana. Kichwa ni changu, tumeshakubaliana.

Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.