Kicheko cha Darasani

Mwanafunzi akitetemeka mbele ya wenziwe, baadhi yetu waalimu husema, "Huyu ni mwoga kwa asili, na aketi." Neno hilo twalikataa. Mtoto huyo huyo, jioni akiwa na rafiki zake, husimulia hadithi ndefu pasipo kukwama. Ulimi wake ni mzima. Kilichoufunga ni kicheko.

Tazameni shule za sekondari za Tanzania. Mtoto aliyefundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi hutakiwa kujibu kwa Kiingereza. Akikosea neno moja, wenziwe humcheka, na pengine mwalimu naye. Kesho yake hainui mkono. Je, woga huo umetoka kwa nani?

George wa Sita wa Uingereza alikuwa na kigugumizi. Tangu mwaka 1926, kabla hajawa mfalme, alifanya mazoezi ya pumzi na ya kusema kwa Lionel Logue wa Australia. Tarehe 3 Septemba 1939, alipohutubia kwa redio kuhusu vita, Logue alikuwa pamoja naye chumbani. Ikiwa mfalme alihitaji mazoezi na rafiki, sembuse mtoto wa miaka 14?

Basi yatupasa kukomesha kicheko kwanza, tukianza na chetu wenyewe. Kisha mtoto na aseme mbele ya mwenzake mmoja, halafu watano, halafu darasa zima. Na akikosea, tumsahihishe kwa upole, wala tusimketishe kabla hajamaliza.