Mutoto anayeshindwa na kitabu, tusimupeleke kwenye shimo

Sisi watu wa sendika mumezoea kutusikia tukisema juu ya mushahara, kofia za kazi, dawa na usafiri. Leo ninaomba tuseme juu ya watoto wetu, zaidi ule mutoto ambaye kila mwaka buletini yake inarudi na pointi nyekundu, hata kama mwalimu mwenyewe anakubali kwamba ana akili. Ukimuuliza kwa kinywa, anajibu. Ukimupa radio iliyoharibika, anaitengeneza. Ila ukimuweka mbele ya kitabu, jasho linamutoka.

Kesi ya mutoto huyo tunaimaliza kwa neno moja: mupumbafu. Anarudilia kalasi mara moja, mara mbili, kiisha baba anachoka, na mutoto anashika njia ya karieri kutafuta makuta. Hapa Likasi, Kolwezi na Fungurume, wote tunajua njia ile inafika wapi. Mimi ninasema mutoto huyo anaweza kusoma kama akifundishwa vile inafaa, na feza za kumusaidia ziko hapa hapa kwetu.

Tuanze kwa kujua jambo lenyewe. Wataalamu wanaliita disleksia. Ni shida ya akili kuunganisha sauti ya neno na herufi zake. Si uvivu, na haipimi akili ya mutu. Kuna ndugu zake pia: diskalkulia, inayosumbua kwa hesabu, na disgrafia, inayosumbua kwa kuandika. Si jambo jipya. Mwaka 1896, daktari mumoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika juu ya kijana wa miaka 14 aliyekuwa anajua hesabu vizuri lakini kusoma kulimushinda kabisa. Mwalimu wake alisema kama masomo yangekuwa ya kinywa tu, kijana huyo angepita wote. Ni zaidi ya miaka 120 sasa, na sisi bado tunawapiga watoto fimbo kwa jambo lile lile.

Wataalamu wanakadiria watoto kati ya 5 na 10 kwa kila 100. Kwa kalasi ya watoto 60, hao ni watatu mpaka sita. Tangu elimu ya primere ifanywe bure katika masomo ya serikali mwaka 2019, kalasi zimejaa. Ni jambo jema watoto kuingia, lakini mwalimu mbele ya benchi zilizojaa vile hana nafasi ya kumuona ule anayejificha nyuma.

Kwetu Katanga shida inaongezeka juu ya luga. Mutoto anazaliwa katika Kiswahili. Kiswahili kinaandikwa vile kinasikika: « ba » ni « ba » leo na kesho. Mutoto mwenye disleksia, ukimufundisha kusoma Kiswahili, atasoma pole pole, lakini atafika. Sasa angalia Kifaransa. Sauti moja ya « o » inaandikwa o, au, eau. Ver, vert, verre, vers: masikio yanasikia neno moja, kaye inataka maneno manne. Femme ina e, lakini tunasoma a. Hata mutoto asiye na shida yoyote anachanganyikiwa. Mwenye disleksia anabeba mizigo miwili: luga asiyoijua bado, na maandishi yasiyofuata sauti. Na masomo mengi ya mujini yanamuanzisha na Kifaransa siku ya kwanza, ingawa sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 inakubali luga za taifa kutumika kufundishia. Siseme Kifaransa kitoke. Mutihani wa kumaliza primere unafanywa kwa Kifaransa, na kazi zinaombwa kwa Kifaransa. Ninasema mutoto ajue kwanza kusoma katika luga anayoisikia nyumbani, kiisha aingie katika ile nyingine.

Kuna jambo lingine linaloniumiza. Katika familia zingine, mutoto anayeshindwa masomo anapelekwa kwenye maombi, na kule banasema iko na bulozi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 ya kulinda mutoto inatoa azabu ya kifungo kwa anayemushitaki mutoto uchawi. Tuseme hivyo waziwazi katika kartie zetu.

Kama tunatafuta asili ya shida, tuangalie ukoo, kwa kuwa disleksia mara nyingi inarisiwa. Kuko mwenzetu mumoja wa kazi, dereva wa kamio kubwa ya mugodi. Formulari zote alikuwa anapelekea bibi yake nyumbani amujazie. Kwa usukani hakuna aliyemushinda: moteri ikibadilisha sauti kidogo tu, yeye anasimamisha mbele ya hasara. Kampuni yao ilipoleta mutihani wa kuandika juu ya usalama, alikosa pointi na wakamushusha daraja. Sisi ba delege tulilomba aulizwe kwa kinywa. Alijibu maulizo yote. Mutoto wake wa tatu iko vile vile, na kwa masomo banamwita « mawe ». Baba alikuwa anafikiri ni laana ya nyumba yake. Alipoelezwa, alisema: « Kumbe iko na jina. »

Jina lile lina watu wakubwa ndani. Jackie Stewart wa Uskoti aliacha masomo kijana sana akaingia garaji ya familia. Alikuja kuwa bingwa wa dunia wa mbio za magari mara tatu: 1969, 1971 na 1973. Disleksia yake ilijulikana akiwa mutu muzima wa miaka zaidi ya 40, wakati mutoto wake alipopimwa. Na sisi wa sendika tumupende kwa jambo lingine: alipigania usalama wa madereva, mikanda, vizuizi na waganga kwenye njia ya mbio, wakati wakubwa hawakutaka kusikia.

Sasa tufanye nini? Mambo mengi hayaombi makuta. Mwalimu afundishe herufi kwa sauti, moja moja, kwa mupango, na mutoto aandike kwa kidole katika muchanga wakati anaitamka. Asimusimamishe gafula asome mbele ya wenzake wakacheka. Amuulize histoire na geografia kwa kinywa, na asimukatie pointi za geografia juu ya makosa ya ortografe. Amwongezee dakika kwa mutihani. Mama na baba, mumusomee kitabu jioni, na mumupeleke kwanza kupimwa macho na masikio kwa hospitali, tujue kama shida haiko pale.

Kitu kinachoomba feza ni kufundisha walimu. Hapa ninageukia makampuni na sisi wenyewe. Code minier iliyobadilishwa mwaka 2018 inaomba kila kampuni inayochimba itoe angalau 0,3% ya mauzo yake ya mwaka kwa maendeleo ya wakaaji wa karibu, na iandike cahier des charges pamoja nao. Kwa feza zile tunaona kuta, mabati, benchi, na picha siku ya kukata kamba. Ni vizuri. Lakini ukuta haufundishi kusoma. Wakati wa kuandika cahier des charges inayokuja, wakaaji waombe walimu wa kalasi za kwanza wafundishwe kumutambua na kumusaidia mutoto wa namna hii. Ba delege nao waombe vile vile kwa masomo ya kampuni, na waombe kila mufanyakazi awe na haki ya kujibu mutihani wa usalama kwa kinywa. Tuko na nguvu ya sheria: Inchi yetu iko na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu, na masomo ni moja ya haki zile.

Na siku ya proklamasio, direktere, usiite tu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Umwite pia ule aliyeanza mwaka bila kusoma mustari mumoja, na leo anasoma ukurasa muzima. Ametembea safari ndefu kuliko wa kwanza. Tumupigie mikono.

Makamaradi, kwa mukutano wenu unaokuja, muliweke jambo hili kwenye karatasi ya maombi, pembeni ya mushahara. Katika mashimo ya karieri kuna vijana waliokuwa na akili ya kuwa elektrisie au mekanisie, na hakuna aliyewangojea wamalize mustari.