Arthur Morgan hakuuawa na Micah: kwa vijana wanaofuata chef wakiwa wamefunga macho



Juzi jioni, katika salle moja ya PlayStation hapa Bukavu, kijana mmoja wa mtaani alimaliza Red Dead Redemption 2. Tulikuwa watu kama kumi nyuma yake, wengine wamesimama, wengine wamekaa juu ya makasha ya bia, groupe electrogène inapiga kelele inje. Arthur Morgan alipokufa kule mlimani, jua likitoka, salle yote ikanyamaza. Kisha mmoja akasema: "Ule njo mwanaume! Amekuwa mwaminifu mpaka mwisho." Wote wakaitika. Mwengine akaongeza: "Shida yao ilikuwa Micah. Bila ule musaliti, wangefika."

Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira. Naandika leo juu sikubali hata moja kati ya hayo maneno mawili. Na mutaona kwamba siongei juu ya mchezo tu.

Kwa wale ambao hawajaucheza: ni mchezo wa Rockstar Games, ulitoka tarehe 26 Oktoba 2018. Hadithi yake ni ya Marekani, mwaka 1899. Kuna kundi la majambazi, na chef wao anaitwa Dutch van der Linde. Anaongea vizuri, anasoma vitabu, anavaa vizuri, anasema yeye si mwizi kama wengine: anapigania uhuru, anapigania wanyonge. Arthur ni mkono wake wa kuume. Dutch na Hosea walimuokota akiwa kijana bila wazazi, wakamlea. Toka pale Arthur hajui baba mwengine. Dutch akisema "piga", anapiga. Akisema "tunahama", anafunga mizigo.

Sasa tuangalie nini Dutch alifanya, moja baada ya ingine, bila machozi.

Mchezo unaanza wakiwa wanakimbia katika theluji. Wametoka Blackwater, ambako walijaribu kuiba katika kivuko na mambo yakaharibika. Watu wao wamekufa. Pesa zao zimebaki kule. Na Dutch, kule ndani ya kivuko, aliua binti mmoja. Arthur hakuwa pale. Anauliza: ilikuwa namna gani? Jibu la wazi hapewi. Anaambiwa awe na imani, chef iko na plan. Na Arthur anakubali. Hapo njo tragedia ilianza, vijana. Siyo kule mwishoni. Ilianza siku mutu alipouliza swali la haki, akapewa neno "imani" kama jibu, akaenda kulala.

Kisha kunakuja deni. Kundi linakopesha maskini pesa kwa riba kubwa, na Arthur anatumwa kukusanya. Anafika kwa mkulima mmoja mgonjwa, Thomas Downes. Anampiga mbele ya mke wake na mtoto wake. Downes anakohoa, damu inamrukia Arthur usoni. Ni kifua kikuu. Mutu ule anakufa, mke wake anabaki na deni, baadaye anauza mwili wake mjini, mtoto anaingia kazi ya mgodi. Na Arthur anabeba ugonjwa bila kujua, mpaka siku anaanguka barabarani Saint Denis na munganga anamwambia ukweli.

Ona vizuri hapo. Kilichomuua Arthur hakikutoka kwa polisi. Hakikutoka kwa adui. Kilitoka katika kazi aliyotumwa, kazi ambayo yeye mwenyewe alikuwa anaichukia, lakini aliifanya juu kundi linahitaji pesa. Alimpiga maskini kwa faida ya kundi linalosema linatetea maskini.

Saint Denis: Dutch anapanga kuvunja benki. Hosea, mzee aliyeanza naye, anauawa mbele ya macho yao. Lenny, kijana mdogo aliyejua kusoma na aliyekuwa na maisha mbele yake, anapigwa risasi juu ya paa. John Marston anakamatwa. Waliobaki wanakimbia kwa meli, meli inazama, wanatupwa katika kisiwa cha Guarma. Kule Dutch anamnyonga bibi mzee aliyekuwa anawaonyesha njia, juu alidai kuongezewa pesa. Arthur anaona kwa macho yake. Anauliza tena. Anapewa maelezo tena. Anaendelea kufuata.

Na sasa tufike kwa Micah. Munasema musaliti njo aliwaharibu. Sawa, Micah ni nyoka. Lakini mwishoni, mpelelezi Milton wa Pinkerton anamwambia Arthur toka wakati gani Micah alianza kuwapa habari: toka waliporudi kutoka kile kisiwa. Toka Guarma! Sasa muhesabu wenyewe. Blackwater ilikuwa mbele. Binti wa kivuko, mbele. Downes, mbele. Hosea na Lenny, wote wamekufa mbele. Yule bibi mzee pia. Micah alikuta nyumba inawaka moto tayari, yeye akaongeza petroli. Aliyewasha kiberiti alikuwa chef, na waliomshikia taa ni wale wote waliokuwa wanajua na wakanyamaza.

Njo maana hadithi ya musaliti inapendwa sana kwetu. Kila mara chef akishindwa, tunatafuta Micah. "Mzee ni muzuri, ni wale walio karibu naye njo wabaya." Mara ngapi tumesikia hii katika nchi yetu? Mzee njo anachagua nani akae karibu naye. Dutch alikuwa na Hosea anayemwambia ukweli na Micah anayemsifu. Akapenda sikio lake lifurahi.

Kuna jambo moja linaniumiza kuliko yote. Arthur alikuwa na daftari. Jioni, kambini, anaandika na kuchora. Ukilisoma, unakuta alikuwa na mashaka zamani. Anaona Dutch anabadilika. Anaona mambo hayaendi. Yote yako pale, yameandikwa vizuri, kwa mutu mwenye akili. Lakini mchana, mbele ya wengine, iko njo wa kwanza kupanda farasi.

Sisi pia tuko na daftari. Linaitwa inbox ya WhatsApp. Usiku tunaandikiana: "Ule mheshimiwa anatudanganya." Asubuhi tunavaa t-shirt yake.

Naongea hivi juu mimi nilivaa. Katika kampeni ya 2023, nilikuwa na diplome yangu ya chuo kikuu na hakuna kazi. Candidat mmoja akatuita, vijana kama makumi tatu. Aliongea vizuri. Alisema safari hii ni ya vijana wenye masomo, akipita kila mmoja atapata nafasi. Tulibandika picha zake usiku, tuliimba jina lake mchana. Tulichangia hata pesa ya petroli ya moto, sisi wenye bila kazi. Siku moja tukakutana na vijana wa candidat mwengine, mawe yakaruka. Rafiki yangu alivunjika mkono. Hospitali ikamhifadhi mpaka facture ilipwe. Tulipigia mheshimiwa simu siku tatu. Chef wa vijana akatujibu: "Mukuwe na imani, Mzee anajua." Mama wa rafiki yangu aliuza mashine yake ya kushona. Mkono ulipona vibaya, mpaka leo hawezi kubeba ndoo.

Lakini hilo siyo kosa langu kubwa. Kosa langu ni hili: mbele ya ile siku, mwenzetu mmoja alikuwa ameuliza katika réunion, kwa heshima: "Mzee, hizi kazi ni ngapi, na ni wapi?" Na mimi, niliyekuwa na swali lile lile kichwani, nilisimama nikamwita musaliti. Nilipigiwa makofi. Ule ndugu akatoka peke yake. Namuomba msamaha hapa, mbele ya wote. Yeye aliona. Mimi nilikuwa naona pia, lakini nilitaka chef anione.

Basi munielewe nikisema sitaki kusikia "mwaminifu mpaka mwisho".

Tena si kweli! Muangalie mchezo vizuri. John alipokuwa gerezani, Dutch hakuwa na haraka ya kumtoa. Arthur na Sadie wakaenda kumtoa bila ruhusa, na Dutch akakasirika. Abigail alipokamatwa, Dutch akakataa kwenda. Arthur akaenda. Strauss, ule mwenye kukopesha, Arthur mwenyewe akamfukuza kambini. Alimtafuta mjane wa Downes akamsaidia. Na mwisho alimpeleka John mlimani ili akaishi na mke na mtoto. Haya yote aliyafanya bila amri, mengine kinyume cha matakwa ya chef. Yale machozi munayatoa salle, munamlilia Arthur aliyeacha kutii. Arthur mtiifu, ule aliyempiga mgonjwa mbele ya mtoto wake, hakuna anayemlilia.

Kwa hiyo funzo ni kinyume cha lile munalosema. Alikuwa mutu alipofungua macho. Shida ni kwamba alifungua wakati mapafu yalikuwa yameisha. Mary, mwanamke aliyempenda, alimwambia waondoke pamoja. Akasema kwanza amalize mambo ya kundi. Hakuna mambo ya kundi yanayoisha, ndugu. Katika ule mchezo ukichagua wema, ukichagua ubaya, Arthur anakufa. Kinachobadilika ni namna tu.

Na kuna mwengine aliyekufa, ambaye salle haikumtaja hata kidogo: Eagle Flies. Kijana wa watu wa Wapiti, wenyeji wa asili ambao jeshi linawanyanganya ardhi. Hasira yake ni ya haki kabisa. Baba yake, Rains Fall, anatafuta amani juu ameisha kuzika watoto. Dutch anakuja na maneno matamu, anamsukuma ule kijana apigane. Je, juu ya ardhi ya Wapiti? Hapana. Anahitaji kelele, ili jeshi liangalie kule wakati yeye anatafuta njia ya kukimbia. Katika shambulio la kiwanda cha mafuta, askari anamkamata Arthur, Dutch anaona, anageuka, anaenda. Aliyerudi kumuokoa Arthur ni Eagle Flies. Akapigwa risasi. Akafa mikononi mwa baba yake.

Sisi wa Mashariki ya Kongo, je, hii tunahitaji mutu atufasirie? Ni vijana wangapi hasira yao ya haki imetumiwa kama kelele na mutu ambaye valise yake ilikuwa tayari?

Najua mutanijibu. Wa kwanza atasema: "Lakini Dutch alimlea." Ndiyo. Mutu akikulea, unamwambia asante, unamtunza akizeeka, na akikosea unamwambia ukweli. Haumpi maisha ya watu wengine kama malipo. Wa pili atasema: "Kundi bila nidhamu halifiki." Kweli. Nidhamu ni kufika saa ya réunion, kutunza mfuko, kutoogopa polisi wakija. Lakini kundi ambalo swali linaitwa usaliti halina nidhamu, liko na woga tu. Kundi la Dutch lilikuwa na kisanduku cha michango kambini na daftari la majina ya waliotoa. Pesa ziliingia kila siku, na mwaka ule ule likakufa. Wa tatu atasema: "Hakukuwa na njia ya kutoka." Iko. Pearson alitoka. Mary-Beth alitoka. Charles alitoka kwenda kusaidia Wapiti wahame. Hakuna aliyewaimbia, lakini wako hai. Bill na Javier walibaki na Dutch mpaka mwisho. Waliocheza mchezo wa kwanza, wa 2010, wanajua walifikia wapi.

Tena iko tofauti moja kati yetu na Arthur. Mchezo ule haukuachi ukatae. Nilijaribu, pale kwa Downes, nikaweka manette chini nikangoja. Hakuna kitu. Lazima upige ili hadithi iendelee. Lakini wewe ndugu yangu, haukuandikwa na mutu wa Rockstar. Ukiweka jiwe chini, linabaki chini.

Basi siku chef yoyote atakuita, hata akiwa wa hapa kwetu katika harakati, hata akiwa mimi, muulize maswali matatu kwa sauti, mbele ya watu. Plan ni nini, kwa tarehe na kwa hesabu? Nani alikufa au aliumia mara ya mwisho, na nani alilipa? Watoto wako wewe watakuwa wapi siku ile?

Akijibu, mufikiri pamoja. Akikuambia uwe na imani, muage kwa heshima, uende nyumbani.

Na mwenzako akiuliza yale maswali mbele yako, usikae kimya. Simama karibu naye. Mimi sikusimama.

Mwanaharakati mmoja, diplome kwa mkono, kazi bado, Bukavu.