Kabla uunde apu ya hospitali, kesha na nesi kwanza

Mapema mwaka wa 2018 Wakenya tulipata habari iliyotuacha vinywa wazi. Katika Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, mgonjwa alipasuliwa kichwa kumbe si yeye aliyefaa kupasuliwa. Wagonjwa walikuwa wawili: mmoja alikuwa na damu iliyoganda kichwani, mwenzake alikuwa na uvimbe tu usiohitaji kisu. Vibandiko vya majina vikachanganyika. Madaktari waligundua walipoitafuta ile damu wakaikosa.

Unakumbuka tulivyofanya? Tuliingia mitandaoni tukawachambua daktari na manesi kama karanga. Wahudumu wakasimamishwa kazi. Hasira yetu ilikuwa ya haki, kwa sababu mtu alienda hospitalini akitafuta nafuu akafunguliwa fuvu. Lakini kuna swali ambalo wengi wetu hatukuuliza: ilikuwaje maisha ya watu wawili yategemee kijikaratasi kimoja, na kijikaratasi kikikosea hakuna kitu kingine kati yake na kisu?

Swali hilo ni somo zima. Linahusu jinsi binadamu anavyoona, anavyosahau na anavyochoka, na jinsi ya kuunda vyombo na taratibu za kazi ili kosa dogo lisigeuke msiba. Marubani wanalisoma. Msimamo wangu ni kwamba kila kijana wa Kenya anayesomea kompyuta au uuguzi anafaa kulisoma pia, tena lisiwe la hiari.

Somo lenyewe si geni. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, marubani wa ndege za B-17 za Marekani walikuwa wakitua salama, halafu wakiwa tayari ardhini wanakunja magurudumu na ndege inalala kwa tumbo. Wakubwa waliita hayo makosa ya rubani. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis alipochungulia ndani aliona swichi ya magurudumu na ile ya mabawa ziko karibu na zinafanana. Mtu aliyechoka angezitofautisha vipi? Dawa yake ilikuwa rahisi ajabu: swichi moja ikatiwa kigurudumu kidogo cha mpira, nyingine umbo la kabari, ili mkono ujue hata jicho lisipoangalia.

Sasa njoo hospitalini. Kuna mashine ya kutibu saratani kwa miale iliyoitwa Therac-25, iliyoundwa na kampuni ya serikali ya Kanada, AECL. Kati ya 1985 na 1987 iliwapiga watu sita miale mingi kupita kiasi huko Marekani na Kanada, na angalau watatu wakafa. Kisa cha Tyler, Texas, mwaka wa 1986 ndicho ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta akijue.

Mhudumu alikuwa mzoefu, vidole vyepesi. Akaandika herufi ya aina moja ya miale badala ya nyingine, akaona kosa, akarudi juu kulirekebisha haraka. Kumbe ukirekebisha ndani ya sekunde nane, skrini inaonyesha mpango mpya huku mashine ikiwa haijajipanga sawasawa. Alipobonyeza kuanza, skrini ikaandika "Malfunction 54". Ni nini hiyo? Hata kitabu cha maelezo hakikumwambia mtu wa kawaida lolote la maana. Mashine hiyo ilizoea kulalamika mara nyingi kwa siku bila madhara, kwa hivyo alifanya alichozoea: akabonyeza P, endelea. Siku hiyo kamera ya chumbani ilikuwa haijaunganishwa na kipaza sauti kilikuwa kimeharibika. Mgonjwa alikuwa akiungua upande wa pili wa ukuta na hakuna aliyemwona wala kumsikia.

Hebu hesabu waliohusika. Kuna aliyeandika programu. Kuna walioamua kuondoa vizuizi vya chuma na nyaya vilivyokuwa kwenye mashine iliyotangulia, Therac-20, wakiamini programu itatosha. Therac-20 ilikuwa na dosari hiyohiyo ya programu, lakini vile vizuizi viliwakinga wagonjwa. Kuna aliyeandika ujumbe usioeleweka. Mwishoni kabisa ndipo yuko mhudumu na kidole chake. Na ni yeye, pamoja na mtaalamu wa fizikia wa hospitali hiyo, waliokaa kwenye kibodi wakirudia-rudia hadi wakaweza kulizua kosa lile tena. Anayeshika mashine kila siku aliijua kuliko walioiuza.

Turudi kwetu. Hapa Kenya kila kitu cha afya kinahamia kwenye skrini. Sheria ya Afya ya Kidijitali ilipitishwa 2023. Mwaka huohuo serikali ilianza kuwapa simu na mikoba ya vifaa wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000. Oktoba 2024 SHA ikachukua nafasi ya NHIF, na tangu hapo mtu akifika hospitalini "mfumo uko chini" limekuwa neno la kawaida kama "karo imeongezwa". Vijana wenzetu ndio wanaounda na watakaounda mifumo hii. Je, tunawafunza nini?

Mimi nilitoka chuoni mwaka wa pili, lakini nilikaa vya kutosha kuona. Mazoezi tuliyopenda sana kupewa ni "mfumo wa kusimamia hospitali". Unaweka ukurasa wa kusajili mgonjwa, ukurasa wa dawa, rangi ya samawati, vitufe vinafanya kazi, unapata alama zako. Hakuna hata mmoja wetu aliyetumwa kukanyaga wadi. Hatukujua kwamba nesi wa zamu ya usiku huenda ana wagonjwa thelathini, stima inapotea, kompyuta ni moja, na kuna mama anaomba msaada huku skrini ikidai nambari ya kitambulisho kabla ya kuendelea. Katika hali hiyo nesi atafanya nini? Ataandika 00000000 aendelee na kazi. Baadaye mtu atakaa ofisini aseme manesi hawajui kompyuta.

Najua jibu la wengi: wafunzwe kutumia mfumo. Sawa, mafunzo yana kazi yake. Lakini mafunzo hayamwondolei mtu usingizi saa tisa usiku. Dawa mbili zenye majina yanayofanana zikipangwa jirani kwenye orodha, siku moja kidole kitateleza hata kama ni cha profesa.

Wengine watasema huku ni kutetea wazembe. Hapana. Mlevi kazini na awajibike. Lakini ukimfukuza aliyekosea na kuuacha mtego palepale, umembadilisha mtu tu, na aliyeajiriwa leo atauingia kesho. Tena wenzake wamejifunza kunyamaza, na kosa lisilosemwa halirekebishwi.

Na wale wa "hakuna pesa", tazameni Ifakara, Tanzania. Mwaka wa 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya mambo 19 ya kuhakikisha kabla, wakati na baada ya upasuaji. Timu inataja majina yao, inathibitisha mgonjwa ni nani na anafanyiwa nini. Ilijaribiwa katika hospitali za miji minane, Ifakara ikiwa pamoja na London na Seattle. Kwa jumla vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hiyo ni karatasi, wasee. Karatasi iliyoundwa na watu waliokubali kwamba hata daktari bingwa husahau.

Kwa hivyo vyuo vyetu vifanye mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi asiandike hata mstari mmoja wa programu ya afya kabla ya kukaa wadini wiki mbili na daftari, akitazama tu. Pili, mtihani wa mwisho uwe huu: mpe nesi aliyechoka mfumo wako, funga mdomo, hesabu mara anazokwama. Akikwama umeanguka wewe, si yeye. Tatu, wanafunzi wa kompyuta na wale wa uuguzi wasome somo hili darasa moja, wachambue visa kama vya Therac-25 na Kenyatta pamoja, ili wakikutana kazini wawe wanaongea lugha moja.

Wewe uliye chuoni sasa usingoje mtaala ubadilishwe. Kama unaunda apu ya afya muhula huu, omba ruhusa katika kliniki iliyo karibu nawe, chukua kiti, ukae usiku mmoja. Anayelala hajui atokalo aliyekesha, na wagonjwa wetu hawafai kulipia usingizi wetu.